Vitenzi vya kawaida vya Kiitaliano: mwongozo kamili kwa msemaji wa Kiswahili

Anayejua Kiswahili haanzi Kiitaliano mikono mitupu. Lugha zote mbili hubeba nafsi ya mtenda ndani ya kitenzi chenyewe, kwa hiyo kiwakilishi cha nafsi hakihitajiki isipokuwa pale msemaji anapotaka kusisitiza kwamba ni yeye na si mwingine. Tunasema "ninafanya kazi Malindi" bila kulazimika kutanguliza "mimi", na Mwitaliano naye husema "lavoro a Malindi" akaiacha "io" kando. Tofauti kubwa ni mahali pa kuweka viambishi. Kiswahili huweka nafsi na wakati mwanzoni, ni-na-, u-li-, tu-ta-, ilhali Kiitaliano huviweka vyote mwishoni, mara nyingi vikiwa vimeunganishwa katika irabu moja tu. Sikio lililozoea kutafuta mtenda mwanzoni mwa kitenzi sharti lijifunze kumsubiri hadi mwisho, na hapo ndipo ilipo sehemu kubwa ya kazi.

Katika ukanda wa Malindi na Watamu, ambako Waitalia wamekuwa wakija tangu miaka ya 1960 ulipoanzishwa uwanja wa San Marco wa kurushia setilaiti, na vilevile katika hoteli za Kiwengwa kule Unguja, wako watu wengi wanaozungumza Kiitaliano walichokipata kwa kusikia. Wanaelewana vizuri na wageni, lakini wengine hutumia umbo moja la kitenzi kwa nafsi zote: io parlare (mimi), tu parlare (wewe), lui parlare (yeye). Mwongozo huu unawafaa wao pamoja na yule anayeanza kabisa, au anayejiandaa kwa mtihani kama CILS wa Siena au CELI wa Perugia, ambamo kuelewana tu hakutoshi.

Kundi la kitenzi na shina lake

Kamusi ya Kiitaliano huorodhesha kitenzi katika umbo lisilo na nafsi, sawa na "kusema" au "kuuza" kwetu. Umbo hilo huishia kwa moja ya tamati tatu: -are, -ere au -ire. Parlare ni kusema, vendere ni kuuza, dormire ni kulala. Ondoa tamati, na kinachobaki ni shina: parl-, vend-, dorm-. Katika kitenzi cha kawaida shina hilo halibadiliki, bali hubandikwa miisho mbalimbali kulingana na nafsi na wakati.

Kundi la -are ni kubwa kuliko mengine, na ndilo linaloendelea kukua, kwa kuwa karibu kila kitenzi kipya kinachoingia katika lugha hiyo huingia humo. Telefonare (kupiga simu), cliccare (kubofya) na chattare (kuchati) vyote vimefuata njia hiyo. Mwenye muda mchache ni heri alimudu kundi hili kabisa kabla ya kugusa mengine, kwa sababu atalihitaji katika karibu kila sentensi.

Wakati uliopo

Vitabu vingi vya sarufi humpa mwanafunzi jedwali la safu tatu na kumwambia akariri miisho 18. Mzigo huo si wa lazima. Soma kwanza mistari hii mitatu kwa sauti:

parlare: parlo, parli, parla, parliamo, parlate, parlano
vendere: vendo, vendi, vende, vendiamo, vendete, vendono
dormire: dormo, dormi, dorme, dormiamo, dormite, dormono

Mpangilio ni uleule wa ni-, u-, a-, tu-, m-, wa-. Sasa linganisha kutoka juu kwenda chini badala ya kusoma kushoto kwenda kulia. Nafsi ya kwanza umoja huishia kwa -o katika makundi yote matatu, nafsi ya pili umoja kwa -i, na nafsi ya kwanza wingi kwa -iamo. Nusu ya kazi imekwisha bila hata kuuliza kitenzi ni cha kundi gani. Katika nafsi ya pili wingi, irabu ya kundi lenyewe hujitokeza: -ate, -ete, -ite. Inabaki nafsi ya tatu, ambayo katika kundi la -are huchukua -a na -ano, na katika makundi mengine mawili huchukua -e na -ono. Ukijumlisha utaona miisho ya kukariri ni 10 tu, na kwamba katika wakati huu vendere na dormire zinatofautiana mahali pamoja pekee, yaani vendete na dormite.

Umbo la nafsi ya tatu ni moja kwa mwanamume na mwanamke. Lui parla na lei parla hazitofautiani katika kitenzi, kama vile "anasema" isivyobagua. Kukanusha nako ni kwepesi kuliko kwetu: neno non hutangulia kitenzi, na kitenzi chenyewe hakiguswi. Parlo, non parlo. Hakuna kitu kinachofanana na si-, hu-, ha- wala ile irabu ya mwisho inayogeuka kuwa -i.

Wakati huu mmoja hufanya kazi ambazo Kiswahili kimezigawa. Parlo ni "ninasema", ni "nasema" na pia ni "husema" ya mazoea. Hutumika hata kwa jambo la karibu, domani parto, kama tunavyosema "kesho ninaondoka". Anayetaka kuonyesha kwamba tendo linaendelea sasa hivi anaweza kutumia stare (sto, stai, sta, stiamo, state, stanno) pamoja na umbo la -ando au -endo: sto parlando, sto vendendo, sto dormendo. Asizidishe, kwa kuwa Kiswahili kina -na- kila mahali, lakini Kiitaliano hutumia umbo hili pale tu uendelevu wenyewe ndio habari.

Mkazo, mahali pa kujihadhari zaidi

Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na tumeuzoea utaratibu huo kiasi cha kutoutambua. Kwa bahati, maumbo mengi ya Kiitaliano yanauafiki: PARlo, parLIAmo, parLAte. Tatizo ni nafsi ya tatu wingi. Hapo mkazo haufuati urefu wa neno, bali hubaki palepale ulipokuwa katika umoja: PARla, PARlano. Msemaji wa Kiswahili hutamka "parLAno" bila kujua, na ingawa ataeleweka, sikio la Mwitaliano litashtuka kila mara.

Vitenzi virefu huonyesha jambo hili waziwazi zaidi. Abitare (kuishi mahali) hutoa Abito, Abiti, Abita na kisha Abitano, mkazo ukiwa silabi ya nne kutoka mwisho, jambo ambalo halipo kabisa katika lugha yetu. Telefonare hutoa teLEfono na teLEfonano. Njia ya kujizoeza ni hii: kwa vitenzi vya -are, tamka nafsi ya tatu umoja kama kawaida, kisha ongeza -no bila kuhamisha mkazo, parla na parlano, abita na abitano. Kwa vitenzi vya -ere na -ire, anza na nafsi ya kwanza umoja na uongeze -no hiyohiyo: vendo na vendono, dormo na dormono. Mbinu hii hukupa mwisho sahihi na mkazo sahihi kwa pamoja.

Katika umbo la kamusi, -are na -ire hubeba mkazo kwenye tamati: parLAre, dorMIre. Kundi la -ere halitabiriki. Vendere, leggere na prendere hutamkwa kwa mkazo kwenye shina, lakini temere (kuogopa) na vedere (kuona) kwa mkazo kwenye tamati. Andika mkazo pamoja na neno siku ileile unapolipata.

Herufi zinazolinda sauti

Hapa mwandishi wa Kiswahili hukutana na mtego wa pekee. Kiitaliano husoma ci kama "chi" yetu, na husoma chi kama "ki" yetu. Vivyo hivyo gi ni "ji", na ghi ni "gi". Kwa maneno mengine, herufi h inafanya kazi iliyo kinyume na ile tunayoijua, na jicho letu hulisoma vibaya neno ambalo ulimi ungelitamka vizuri.

Katika kundi la -are, sauti ya shina hulindwa kwa gharama yoyote. Cercare (kutafuta, hutamkwa "cherkare") inapokutana na -i ya nafsi ya pili, h huingizwa ili k isigeuke: cerco, cerchi, cerca, cerchiamo, cercate, cercano. Pagare (kulipa) hufanya hivyohivyo: pago, paghi, paga, paghiamo, pagate, pagano. Hata cliccare, kitenzi kipya kabisa, hutii: clicco, clicchi.

Vitenzi vya -ciare na -giare vina i ambayo kazi yake ni kulainisha sauti tu, kwa hiyo haiandikwi mara mbili. Mangiare (kula) ni mangio, mangi, mangia, mangiamo, mangiate, mangiano, "mangii" hakuna. Studiare nayo hutoa studi. Isipokuwa pale ambapo i yenyewe ndiyo yenye mkazo, kama katika inviare (kutuma), ambayo hutamkwa inVIo: hapo huandikwa invii.

Kundi la -ere hufanya kinyume, kwa maana huacha tahajia kama ilivyo na kukubali sauti igeuke. Leggere (kusoma) ni leggo na leggono kwa g nzito kama ya "gari", lakini leggi, legge, leggiamo na leggete kwa sauti ya j. Vincere (kushinda) ni vinco na vincono kwa k, ila vinci na vince kwa ch. Usiongeze h hapa hata kama mkono unataka.

Vitenzi vinavyoingiza -isc-

Sehemu kubwa ya vitenzi vya -ire huingiza -isc- kati ya shina na mwisho, katika nafsi zote za umoja na katika nafsi ya tatu wingi. Finire (kumaliza) ni finisco, finisci, finisce, finiamo, finite, finiscono. Noi (sisi) na voi (ninyi) hazina nyongeza. Ukitaka kujua sababu ya mpaka huo kuwa hapo, tazama mkazo: nyongeza hutokea pale tu ambapo mkazo ungeangukia shina, nayo huubeba badala yake. Usomaji wake kwa tahajia yetu ni "finisko, finishi, finishe" na "finiskono".

Kujua kitenzi kipi huchukua nyongeza kuna kanuni ya kukadiria inayofaa mara nyingi. Ondoa -ire na utazame mwisho wa shina. Likiishia kwa konsonanti mbili, kwa kawaida hakuna nyongeza: dormire, partire (kuondoka), sentire (kusikia), servire (kuhudumia), aprire (kufungua), offrire (kutoa). Likiishia kwa konsonanti moja iliyotanguliwa na irabu, tarajia -isc-: finire, capire (kuelewa), pulire (kusafisha), preferire (kupendelea), spedire (kupeleka). Garantire huivunja kanuni kwa kuchukua nyongeza, nao costruire (kujenga) na restituire (kurudisha) huichukua pia. Kamusi nzuri huonyesha nafsi ya kwanza kando ya kila kitenzi cha namna hii, na hiyo ndiyo hukumu ya mwisho.

Nafsi ya heshima

Kiswahili huonyesha heshima kwa salamu na majina: shikamoo, mzee, mama, bwana. Kitenzi chenyewe hakibadiliki kwa sababu ya umri wa anayeambiwa. Kiitaliano huonyesha heshima ndani ya kitenzi. Mtu usiyemfahamu, mkubwa wako au mteja huambiwa Lei, na Lei huchukua nafsi ya tatu umoja, kana kwamba unamzungumzia mtu mwingine. Mhudumu wa mezani anayemuuliza mgeni mzee kati ya samaki na kuku atasema: "Signora, preferisce il pesce o il pollo?" Akisema preferisci, amezungumza naye kama rika lake. Vijana husemezana kwa tu bila shida, na wageni wengi wa ufukweni watakuomba utumie tu, lakini waachie wao wakuruhusu. Mkiwa na kundi la wageni, voi inatosha.

Wakati uliopita, na hila ya -me-

Wakati uliopita wa mazungumzo ya kila siku, passato prossimo, huundwa kwa kitenzi kisaidizi pamoja na umbo la kitenzi linaloishia kwa -ato, -uto au -ito: parlato, venduto, dormito. Visaidizi ni viwili na havifuati kanuni yoyote, kwa hiyo vikaririwe:

avere: ho, hai, ha, abbiamo, avete, hanno (h haitamkwi)
essere: sono, sei, è, siamo, siete, sono

Vitenzi vingi hutumia avere: ho parlato, hai venduto, hanno dormito. Vitenzi vya kufika, kuondoka, kuingia, kurudi na kubaki hutumia essere, yaani arrivare, partire, entrare, tornare, restare. Mwendo peke yake si kigezo, kwani camminare (kutembea) na nuotare (kuogelea) hutumia avere. Kinachotazamwa ni kufika mahali, kutoka au kubaki. Essere inapotumika, mwisho wa kitenzi hupatana na mtenda kwa jinsia na idadi: Juma è arrivato, Amina è arrivata, Juma e Amina sono arrivati, Amina e Zuhura sono arrivate. Aliyekulia katika upatanisho wa ngeli hataliona jambo hili kuwa geni. Kwa avere upatanisho huo haupo: Amina ha parlato, si "parlata".

Sharti nitoe tahadhari kuhusu kundi la -ere. Vitenzi vyake vingi vilivyo vya kawaida katika wakati uliopo huacha kanuni hapa: prendere hutoa preso, leggere hutoa letto, scrivere hutoa scritto, chiudere hutoa chiuso. Vendere, credere (kuamini), ricevere (kupokea) na ripetere (kurudia) hubaki waaminifu. Hata aprire hutoa aperto na offrire hutoa offerto.

Lililo gumu zaidi kwetu, hata hivyo, si umbo bali ni matumizi. Kwa kawaida "nilikula" na "nimekula" zote mbili ni ho mangiato, na mtu anaweza kudhani kwamba kila -me- ina tafsiri hiyo. Siyo. Kiambishi -me- kina kazi nyingine, ya kueleza hali iliyopo sasa kutokana na tendo lililokwisha, na hapo Kiitaliano hutumia wakati uliopo. "Mtoto amelala" ni il bambino dorme. Ukisema il bambino ha dormito, umesema kwamba alilala na sasa ameamka. "Amechoka" ni è stanco, kivumishi tu, na "amekaa" ni è seduto. Kabla ya kutumia passato prossimo, jiulize kama hali bado ipo wakati unaposema. Kama ipo, kaa katika wakati uliopo.

Mtego huohuo hujirudia penye muda. "Nimefanya kazi hapa kwa miaka mitatu", kwa maana bado nipo kazini, ni lavoro qui da tre anni. Neno da hubeba habari kwamba jambo lilianza zamani na linaendelea. Ho lavorato qui per tre anni humaanisha kwamba kazi hiyo imekwisha, na mwajiri anayekusaili ataelewa hivyo.

Imperfetto

Huu ndio wakati mwepesi kuliko yote, na ningependa vitabu viufundishe mapema kuliko vinavyofanya. Ondoa -re tu kutoka umbo la kamusi na uongeze -vo, -vi, -va, -vamo, -vate, -vano:

parlavo, parlavi, parlava, parlavamo, parlavate, parlavano
vendevo, vendevi, vendeva, vendevamo, vendevate, vendevano
dormivo, dormivi, dormiva, dormivamo, dormivate, dormivano

Hakuna -isc- humu: finivo, capivo. Mkazo wa nafsi ya tatu wingi hubaki nyuma tena: parLAvano. Matumizi yake yanalingana kwa karibu na "alikuwa akiuza", "tulikuwa tunaishi", au mazoea ya zamani. Nyakati mbili zilizopita hukutana katika sentensi kama dormivo quando Juma ha telefonato, "nilikuwa nimelala Juma alipopiga simu": hali iliyokuwapo huchukua imperfetto, na tukio lililoikatiza huchukua passato prossimo.

Wakati ujao na hali ya masharti

Nyakati hizi mbili hutumia msingi mmoja. Chukua umbo la kamusi, ondoa -e ya mwisho, na katika kundi la -are geuza a kuwa e: parler-, vender-, dormir-. Kisha bandika miisho, ambayo ni ileile kwa makundi yote:

wakati ujao: parlerò, parlerai, parlerà, parleremo, parlerete, parleranno
masharti: parlerei, parleresti, parlerebbe, parleremmo, parlereste, parlerebbero

Sauti ya shina huendelea kulindwa: cercherò, pagherò. Mangiare na cominciare huacha i yao kwa kuwa e inatosha kulainisha: mangerò, comincerò.

Wakati ujao hueleza pia dhana, na hapa lugha zetu mbili zimekutana bila kupanga. A quest'ora dormirà ni "saa hizi atakuwa amelala". Hali ya masharti nayo ni -nge- yetu: comprerei una barca, "ningenunua mashua", na ndiyo namna ya upole wa kuomba au kupendekeza, preferirei il pesce. Angalia sana m mbili. Parleremo ni "tutasema" na parleremmo ni "tungesema". Jizoeze kukaa juu ya konsonanti iliyorudiwa kwa muda mrefu zaidi, kwa sababu tofauti yote ya maana imo katika muda huo mfupi.

Hali tegemezi na amri

Sisi hugeuza irabu ya mwisho kutoka -a hadi -e: anasema, aseme. Kiitaliano nacho hubadilisha irabu, kwa mtindo wa kubadilishana baina ya makundi. Vitenzi vya -are huchukua i, na vya -ere na -ire huchukua a:

parli, parli, parli, parliamo, parliate, parlino
venda, venda, venda, vendiamo, vendiate, vendano
dorma, dorma, dorma, dormiamo, dormiate, dormano
finisca, finisca, finisca, finiamo, finiate, finiscano

Nafsi tatu za umoja zinafanana, kwa hiyo hapa kiwakilishi hurudi mara nyingi ili kuondoa utata: voglio che tu parli, "nataka useme". Baada ya kutaka, kuomba na kulazimika, mwachie Kiswahili akuongoze, kwa kuwa panapohitaji "aseme" Kiitaliano nacho huhitaji hali hii: è necessario che lui parta, "ni lazima aondoke". Na mtenda akiwa mmoja, zote mbili hurudi kwenye umbo lisilo na nafsi, voglio parlare, "nataka kusema". Mwongozo huo hukatika baada ya vitenzi vya kudhani na kuamini. Sisi husema "nadhani amelala" kwa umbo la kawaida. Kiitaliano husema credo che dorma.

Amri kwa mtu wa tu ni parla, vendi, dormi, finisci. Amri ya heshima hukopa hali tegemezi: parli, venda, dorma, finisca. Kwa hiyo aspetta ni "ngoja" kwa rafiki, na aspetti ni "tafadhali ngoja" kwa mteja. Kumkataza mtu wa tu hutumia umbo la kamusi, non parlare, ambapo katazo la heshima ni non parli.

Umebaki passato remoto (parlai, parlasti, parlò, parlammo, parlaste, parlarono), wakati wa hadithi na historia, unaosikika pia katika mazungumzo ya sehemu za kusini mwa Italia. Mwanafunzi wa ngazi za mwanzo aweze kuutambua akisoma. Kuutumia kunaweza kusubiri.

Mazoezi

Kukariri safu za kitenzi kimoja huzoesha ulimi lakini hakuzoeshi akili kuchagua. Ni heri kuchukua sentensi moja yenye makundi yote na kuipitisha katika nafsi na nyakati. Tumia hii: Abito a Lamu, vendo il pesce e la sera pulisco la barca, "naishi Lamu, nauza samaki na jioni nasafisha mashua". Ina mkazo wa mbali wa abitare, kitenzi cha -ere, na kimoja cha -isc-.

Iseme kwanza kwa noi, abitiamo, vendiamo, puliamo, kisha kwa loro (wao), abitano, vendono, puliscono, ukisikiliza kama mkazo umebaki pale pale. Ihamishie zamani: abitavo, vendevo, pulivo. Ifanye tukio la jana, ukiondoa sehemu ya kuishi isiyoingia vizuri katika siku moja: ieri ho venduto il pesce e ho pulito la barca. Ipeleke mbele, abiterò, venderò, pulirò, na katika masharti, abiterei, venderei, pulirei. Mwisho anza na mia madre vuole che io, "mama anataka", na umalizie abiti, venda, pulisca. Ukiweza kuipitisha katika nafsi zote sita bila kuandika, badilisha vitenzi kwa lavorare, ricevere na spedire, na uanze tena.